Aliyepita Kati ya Mashamba

Mwalimu wetu wa Kiingereza ni mtu wa Tanga, na baridi ya Kibondo haijawahi kumwonea huruma. Huingia darasani na kofia ya sufu, anaivua, anaandika neno moja ubaoni, kisha anaivaa tena mpaka masikioni. Ni kila Jumatatu. Neno lenyewe huwa ni la Kiingereza ambalo hakuna hata mmoja wetu atakayelitumia maishani mwake. Yeye anasema neno gumu ni kama mfupa, ukiuvunja unakuta uboho. Halafu anamchagua mwanafunzi. Aliyechaguliwa ana wiki nzima ya kuuvunja huo mfupa, na Jumatatu inayofuata anasimama mbele ya wenzake kueleza maana ya neno na lilikotoka.

Mimi niko kidato cha tatu, na tangu kidato cha kwanza nilikuwa sijachaguliwa. Nilikuwa nimejifunza namna ya kukaa: nyuma ya msichana mmoja mrefu, kichwa chini kidogo, lakini si sana, maana ukiinama sana unaonekana. Watu wanadhani mtu wa aibu hana la kusema. Mimi ninayo mengi, yamejaa daftari tatu chini ya godoro. Tatizo langu ni macho ya watu. Yakinigeukia, ulimi unakuwa mkavu kama gunzi.

Jumatatu ile akaandika *peregrinate*. Akageuka, akachungulia nyuma ya yule mrefu.

"Wewe uliyejenga kibanda huko nyuma. Hili ni lako."

"Mwalimu, huyo ataeleza kwa ishara," mmoja akasema, na darasa zima likacheka.

Naanza na neno kwa sababu nataka kuandika jinsi Bibi alivyopotea, na siwezi kuandika hilo nikaliruka neno. Nyumbani wanajua sehemu tu. Humu nitaandika yote.

Bibi ni mama yake baba. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, na Bibi akabaki na sisi hapa Kitahana, yeye, Mama na mimi. Alizaliwa Muyama, kule juu karibu na mpaka wa Burundi, akaolewa huku akiwa msichana. Mwaka jana alianza kusahau. Kiswahili kilimtoka kwanza, kama mtu anavyovua koti akiingia ndani. Kikabaki Kiha cha kwao, cha zamani, kizito, ambacho hata Mama wakati mwingine anauliza mara mbili. Halafu tukaanza kumtoka sisi wenyewe. Mama akawa "yule mama wa hapa". Mimi nikawa "we mtoto wa nani?"

Kila alasiri alisimama, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Ndataha." Naenda nyumbani. Ukimwambia hapa ndiyo nyumbani, alikutazama kwa adabu, kama mgeni aliyewekewa chakula asichokitaka. Kisha akaanza kutembea. Mara mbili tulimkuta kwenye uzio wa jirani, mara moja kisimani.

Majirani walisema Bibi anazurura. Mama alikuwa anachukia hilo neno. Mtu akizurura analaumiwa. Mama alisema anatangatanga, na mtu akitangatanga anahurumiwa. Mimi nilikuwa nawaza kwamba hakuna hata moja linalomfaa, kwa sababu Bibi hakuwa na uvivu na wala hakuonekana kupotea. Alitembea kama mtu anayejua anakokwenda na amechelewa.

Kwa hiyo nilipomfuata mwalimu ofisini kuazima kamusi yake kubwa, na akanionyesha asili ya neno langu, nilishtuka kidogo. Neno limetoka Kilatini. *Per* ni kupitia. *Ager* ni shamba. *Peregrinus* alikuwa mgeni, mtu wa mbali, aliyefika kwa kupita kati ya mashamba ya watu. Waingereza wakalichukua kwa maana ya kusafiri huku na huko, hasa ugenini. Hata lile neno lao la hujaji, *pilgrim*, anayekwenda mahali patakatifu, limezaliwa humo humo.

"Na kuna ndege," mwalimu akasema, akifurahi kwamba kuna mtu anamsikiliza. "Kozi. Wazungu wamempa jina hilo hilo. Unajua kwa nini? Ndege wengine wa kuwindia walichukuliwa kiotani wakiwa makinda. Huyu alikamatwa safarini. Hakuna aliyejua kiota chake kiko kwenye mwamba gani."

Niliandika hilo nyuma ya mkono, nikalifunika kwa sweta lisifutike.

Jumamosi Mama alikwenda gulioni kuuza maharage. Kabla ya kuondoka alinishika bega. "Leo usimwondolee macho. Mvua inakuja, na mimi nitachelewa."

"Sawa, Mama."

Bibi alikaa barazani na ungo, akichambua maharage. Hilo halikumtoka. Vidole vyake vilikuta jiwe kabla hujaliona. Nilisimama mbele yake nikafanya mazoezi ya Jumatatu, kwa sababu macho yake ndiyo pekee yasiyonitisha. Nilieleza *per*, nikaeleza *ager*, mikono nyuma kama wafanyavyo kwenye mdahalo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia kuku aliyekuwa anazunguka ungo, akamuuliza kwa Kiha, "Huyu mtoto wa watu anaumwa nini?"

Nilicheka peke yangu. Nikaingia ndani kuandika, maana nilikuwa nimepata namna nzuri ya kuanza na sikutaka inipotee.

Hapa ndipo penye sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu kama ilivyo.

Nikiwa ndani nilisikia ungo umenyamaza. Nikasikia kandambili zake zikikwaruza ardhi, zinazunguka nyumba, zinaelekea nyuma. Nikajiambia anakwenda chooni. Choo chetu kiko upande wa mbele, karibu na barabara. Nyuma hakuna kitu isipokuwa shamba letu la mihogo, na baada ya hapo mashamba ya watu mpaka bondeni. Nilijua hivyo. Nilijua na nikaendelea kuandika, kwa sababu nilikuwa katikati ya sentensi na sentensi ilikuwa nzuri. Ilikuwa hii: *Kwa Warumi, mgeni alikuwa mtu ambaye mashamba yake yako mbali.* Nikaweka nukta. Nikaisoma mara mbili. Ndipo nikatoka.

Barazani kulikuwa na ungo na kuku tu.

Nilizunguka nyumba nikiita, nikaingia kwenye mihogo hatua chache, mvua ikaanza. Nikarudi. Nikasimama chini ya bati nikijiambia atarudi mwenyewe akilowa. Sijui nilisimama muda gani. Mama alipofika, maharage yalikuwa yamelowa kwenye ungo.

"Bibi yako yuko wapi?"

"Alisema anakwenda kwao. Nilikuwa chooni. Nilipotoka nikamwona kwa mbali, yuko barabarani."

Ilitoka yote pamoja, kama kitu nilichokisoma. Kama ningesema alipita nyuma, Mama angeuliza umejuaje, na ningelazimika kusema nilisikia. Nilidhani ni uongo wa saa moja. Barabarani kuna watu, nikawaza, mzee hapotei penye watu, tutamkuta kabla ya magharibi.

Hatukumkuta. Tulifuata barabara kwenda na kurudi na mvua mgongoni. Mama aliita mpaka jina la Bibi likaanza kumkwama.

Jumapili tulikwenda stendi ya Kibondo. Mama alizunguka kwa kila mtu na picha ya Bibi, ile ya kwenye kadi ya mpiga kura. Mwendesha bodaboda mmoja aliiangalia, akanikonyeza mimi.

"Bibi mwenyewe bado yuko vizuri. Si ajabu kafuata mchumba Kasulu."

"Koma, we!" mwenzake akamwambia. "Angekuwa mama yako ungechekacheka? Samahani, mama. Alivaaje?"

"Kanga ya njano, na sweta la kijani. Hakukusalimia?" Mama akamuuliza.

"Wazee wengi wanapita, mama."

"Huyu angekusalimia."

Inabidi nieleze. Bibi ni wa watu wa zamani. Akimkuta mtu njiani hampiti. Anasimama. Anakuuliza umeamkaje, watoto wameamkaje, na ng'ombe hata kama huna. Akikukuta unalima ndiyo zaidi, kwao kumpita mtu mwenye jembe bila kumpa pole ya kazi ni sawa na kumtukana. Hilo pia halikumtoka. Mimi nilikuwa naona aibu kutembea naye kwa sababu hiyo. Ni mwendo wa dakika kumi, unachukua saa nzima, na kila anayesalimiwa anakutazama na wewe.

Mama akanigeukia pale stendi, katikati ya makelele ya wapiga debe.

"Tumeuliza barabara nzima. Hakuna hata mmoja aliyesalimiwa. Una hakika alishika barabara?"

Wale bodaboda wote walikuwa wananitazama.

"Ndiyo," nikasema.

Mpiga debe mmoja akasema alimwona kikongwe mwenye sweta akipanda gari la Kasulu jana jioni. Lilikuwa la kijani? Labda la kijani. Mama akalishika hilo. Aliwaza kwamba Bibi amepanda gari kwenda kwao, Muyama, na kwamba amefika, na sasa hivi yuko kwenye moto wa mtu anakunywa uji.

Jumatatu asubuhi tukapanda gari la Kasulu. Ilikuwa ndiyo saa ya kipindi cha Kiingereza. Nilitazama nje, ukungu umelala kwenye vilima, na nikafikiri: leo sitasimama mbele ya darasa. Nilifurahi. Ni kidogo tu, lakini nilifurahi, na naliandika kwa sababu nimesema nitaandika yote.

Kutoka Kasulu tulipata gari jingine mpaka Muyama. Kule ni juu zaidi, upepo unapita kwenye mashamba ya tangawizi na hauna pa kupumzika. Nilikuwa sijawahi kufika. Mama aliulizia mji wa kina Bibi, tukaonyeshwa shamba la mahindi la mtu mwingine na mti mmoja wa mbuni uliosahauliwa pembeni. Nyumba haikuwepo. Hata alama yake haikuwepo.

Mama mmoja mzee wa jirani alitoka kutupokea. Akatusalimia kama Bibi anavyosalimia, salamu moja baada ya nyingine, na Mama akajibu zote. Mwisho ndipo akauliza shida yetu. Akaiangalia picha.

"Huyu ni binti wa hapa, namkumbuka. Hajafika. Angefika kilima kizima kingejua. Angetusalimia mpaka mbuzi."

Mama alikaa chini ukingoni mwa lile shamba la mahindi, kwenye majani yenye maji. Sikuwahi kumwona Mama akikaa chini hovyo.

"Shemeji zangu watasema nimemtupa mama yao," akasema. Hakuwa analia. Alikuwa anapanga, kama anayepanga safari ya gulio. "Watasema mume amekufa, amechoka kulisha mkwe. Na mimi nitakubali. Nitawajibu nini? Siku ya tatu hii kwenye mvua. Anayetafutwa sasa siyo mtu, mwanangu. Ni maiti."

"Mama."

"Mm."

"Hakupita barabarani."

Akageuza kichwa polepole.

"Alipita nyuma, kwenye mihogo. Nilimsikia. Nilikuwa ndani naandika."

Nilingoja kofi. Ningelipokea vizuri. Yule mzee wa Muyama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alitutazama huku na huku akijua kuna kitu kimevunjika lakini hajui ni nini.

"Siku tatu," Mama akasema. Akasimama, akakung'uta kanga.

Kwenye gari alikaa kiti cha mbele yangu. Pembeni yake kulikuwa wazi na hakuniita. Tulilala Kasulu kwa mtu wa kanisa la Mama, na Jumanne mchana tukawa nyuma ya nyumba yetu, tumesimama mbele ya mihogo.

Kuna kijia humo. Nimekiona maisha yangu yote na sikuwahi kukifuata hadi mwisho. Kinapita kwenye mihogo yetu, kinaingia kwa jirani, kinaendelea kwenye maharage ya mtu mwingine. Kamusi ya mwalimu ilikuwa bado kwenye mfuko wangu wa shule, begani. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita nilikuwa najua, kwa Kilatini, mahali Bibi alipopita.

Shamba la kwanza tulimkuta mama mmoja anapalilia.

"Jumamosi? Ndiyo! Alinisimamisha hapa hapa. Kanipa pole ya kazi, kaniuliza watoto, kanisifia maharage. Nikamwambia bibi, nenda, mvua hiyo. Akasema anakwenda kwao."

"Akashika wapi?"

"Huko chini."

Shamba la pili alikuwa mzee mmoja na jembe lake. "Alinisalimia mpaka nikasahau mstari niliokuwa nao," akasema. "Tazama, nimepalilia huu mara mbili." Halafu akaona nyuso zetu akaacha utani. "Alikuwa na kandambili moja, mjukuu. Nilimwambia nyingine imebaki matopeni. Akasema si yake."

Tulikwenda hivyo, kutoka salamu hadi salamu. Kila aliyekuwa na jembe Jumamosi ile alimkumbuka. Mimi ndiye niliyeuliza nusu yao, kwa sababu sauti ya Mama ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki upepo tu. Tulivuka bonde. Tulipanda upande wa pili. Niliikuta kandambili ile iliyokuwa imembaki, ya kushoto, mtaroni, nikaiosha kwenye dimbwi, nikaibeba.

Shamba la mwisho lilikuwa la mwanaume mmoja mfuga nyuki, anatengeneza baiskeli chini ya kibanda.

"Kikongwe? Yule mkimbizi?"

"Siyo mkimbizi," nikasema.

"Yule wa sweta la kijani. Nilimkuta amejikunja hapa, anatetemeka. Namuuliza kwa Kiswahili, hajui. Anaongea Kirundi. Namuuliza unakwenda wapi, anasema nyumbani. Nyumbani wapi? Anaonyesha kule." Akaonyesha magharibi, vilima vya Burundi. Na ndiko iliko Muyama pia, ukinyoosha mkono kutoka pale, kusini zaidi kidogo. "Nikajua katoka kambini bila kibali. Niliogopa mgambo wasimkute, au mvua isimmalize. Nikampandisha baiskeli, nikamfikisha getini, kambi ya Nduta. Sikumwacha mpaka wakampokea." Alikuwa anajieleza kama mtu anayengoja kushukuriwa, halafu akaanza kuelewa. "Mama, ni wenu?"

Mama alitikisa kichwa kukubali.

"Mungu wangu. Kiha chake hakikuwa cha huku, ni kama Kirundi kabisa. Nani angejua? Kila anayesema anataka kwenda kwao hapa, si ni mkimbizi?" Akafuta mikono yenye grisi kwenye suruali. "Ila nendeni haraka. Wanaojiandikisha kurudi Burundi wanaondoka kwa mabasi. Nasikia kuna mabasi wiki hii."

Mama akanong'ona kuuliza getini wanataka nini, yule bwana akasema barua ya kijiji.

Nilimfikiria kozi. Sikutaka, lakini nilimfikiria. Amekamatwa njiani, na kila mtu anakisia kiota.

Jumatano mapema tulichukua barua ya mtendaji wa kijiji, na tulipofika getini mvua ilikuwa inapiga bati la kibanda cha mlinzi. Kulikuwa na foleni: wanawake wenye vibali mkononi, wafanyakazi wa mashirika na miavuli yao, vijana wenye baiskeli zilizopakia kuni. Ilipofika zamu yetu Mama akafungua mdomo, hakukutoka kitu. Akanisukuma mbele.

"Tumekuja... kuna bibi..." nikasema.

"Sema kwa sauti, binti! Bati hili!"

"Kuna bibi yetu—"

"Hatusikii!"

Nyuma yangu foleni ikaanza kunung'unika. Mtu akasema, "Huyu amekuja kunong'ona au?" Wakacheka. Macho yote yalikuwa mgongoni mwangu, niliyahisi kama mtu anavyohisi jua. Ulimi ukakauka kama kawaida yake. Nikainua ile kandambili ya kushoto.

"Nimempoteza bibi yangu!" Nilipiga kelele mpaka koo likauma. "Jumamosi! Mimi ndiye niliyempoteza! Ni Mtanzania, ni wa Kitahana, mmemwingiza humo mkidhani ni Mrundi, msimpandishe kwenye basi!"

Mlinzi akaweka kalamu chini, akaichukua barua kwa mikono miwili.

Tulingoja kwenye benchi. Basi moja jeupe lilikuwa limeegeshwa ndani, na kila mtu aliyelisogelea nilimhesabu kuwa Bibi. Kisha akaja karani mwenye buti za mvua, na nyuma yake mwanamke wa makamo amemshika mkono kikongwe aliyefungwa miguu kwa vipande vya kitenge. Nilimjua kwa sweta. Uso ulikuwa umekuwa mdogo.

"Amahoro," yule mwanamke akatusalimia. Alizungumza Kiswahili chenye Kirundi ndani. "Huyu *mukecuru* ni wenu? Tangu Jumamosi ananichambulia maharage yangu ya mgao. Yakiisha anayamwaga, anaanza upya." Akacheka kidogo, akaacha. "Analia nyumbani, nyumbani. Sikushangaa. Humu sote tunalia hivyo hivyo. Nikasema, huyu katengana na watu wake, akae kwangu."

"Alikuwa hajaandikwa popote," karani akasema. "Tulikuwa bado tunatafuta kituo na namba yake." Alilinganisha picha ya kadi na uso wa Bibi, akarudia. Kisha akamuuliza Bibi kwa lugha yake kama anatujua sisi wawili.

Bibi alimtazama Mama. Akanitazama mimi, kuanzia miguuni, kwa adabu ile ile.

"Mimi ni mgeni hapa," akasema. "Napita tu."

Karani aliandika kitu. Alisema picha inatosha, barua inatosha, tumchukue. Lakini Bibi alirudi nyuma na kumkumbatia yule mwanamke kiunoni. Akasema haendi na watu asiowajua. Alisema kwa nguvu, na sauti yake ilipasuka. Mama akasogea, Bibi akapiga ukelele kama anayeibiwa. Watu wakageuka. Karani akaanza kutuangalia upya, na barua yetu upya.

Nikachuchumaa mbele yake, nikaweka kandambili kwenye matope, nikasema kwa Kiha changu kibovu, "Bibi, tumekuja kukupeleka kwenu. Muyama."

Akalegeza mikono.

"Muyama?"

"Muyama. Wamekuwekea uji."

Nilikuwa nimeiona Muyama Jumatatu. Nilijua kilichopo pale. Bibi akavaa kandambili moja juu ya kitambaa, akamuaga yule mwanamke kwa muda mrefu, akamuulizia watoto wote, na wale waliobaki Burundi. Mwanamke alijibu kila swali. Kisha Bibi akanipa mkono, na njia nzima alikuwa anatabasamu.

Nadhani huo ndio uongo wangu mbaya kuliko wote, na ndio uliomrudisha.

Kamusi nimemrudishia mwalimu, kona zimevimba kwa mvua. Nilimweleza kwa nini. Akavua kofia, akakaa nayo mapajani, na neno langu hajalitaja tena darasani. Vidonda vya miguu ya Bibi vinapona polepole, kifua ndicho kinachokoroma. Shemeji zake Mama walikuja, wakasema waliyosema. Mama hakunitaja. Alikubali yote yeye, kama alivyosema Muyama.

Ameweka lango la miti nyuma ya nyumba, na kufuli. Siku ya kwanza Bibi alisimama pale alasiri nzima, vidole kwenye miti, akiita watu ambao sote hatuwajui waje wamfungulie. Mama alivumilia mpaka akaziba masikio. Siku ya pili akaniwekea ufunguo mkononi. "Kaa nao wewe," akasema. Hakuniangalia, na sikujua kama ni msamaha au ni adhabu. Bado sijui.

Kwa hiyo nikitoka shule, Bibi anajifunga kanga, anasema "Ndataha," nami nafungua. Tunapita kwenye mihogo, yeye mbele, mimi nyuma na mwavuli. Kila mwenye jembe anasalimiwa, kisha ananigeukia mimi, na mimi nasalimia, watoto wameshindaje, ng'ombe wameshindaje. Hakuna pa kujificha kwenye shamba la maharage. Tukifika bondeni pumzi inamwishia. Namshika kiwiko, namgeuza taratibu, na yeye anaamini bado tunakwenda mbele. Kila siku pumzi inaisha mapema zaidi. Jana ilikuwa kwa yule mzee aliyepalilia mstari mara mbili, hata bonde hatukuliona.

Alisimama pale akinitazama, kifua kinapanda na kushuka.

"We mtoto wa nani?"

Zamani nilikuwa nasema, mimi ni mtoto wa mwanao. Anashtuka, anauliza mwanangu yuko wapi, na inabidi mtu amwambie amekufa, upya, kila siku.

"Mpita njia, Bibi," nikasema.

"Unakwenda wapi?"

"Muyama."

"Basi twende wote," akasema, na akanishika mkono, tukarudi.